Nani alipiga risasi kwanza?

SWALI: Mjomba aliiona Star Wars zamani. Tulipoitazama naye hapa Murungu, Kibondo, alisisitiza kwamba si ile aliyoiona. Je, amesahau?

JIBU: La, mjomba wako ana kumbukumbu nzuri. Katika filamu ya 1977, pale kwenye baa, Han Solo peke yake ndiye aliyefyatua. Mwaka 1997 mwongozaji wake, George Lucas, aliibadilisha: Greedo, adui aliyeketi naye, akaanza, akamkosa. Viumbe vya kompyuta navyo vikaongezwa.

Wapenzi wa filamu hawakukubali. Petr Harmáček, Mcheki, aliunganisha vipande kutoka nakala mbalimbali hadi ile ya awali ikarudi. Mashabiki wengine, wa mradi wa 4K77, walichukua mikanda ya sinema ya milimita 35, wakaiskani fremu baada ya fremu na kufuta mikwaruzo. Kazi ya subira, naiheshimu sana. Ila haki ni za wenye filamu, kwa hiyo usiitozee kiingilio kwenye kibanda cha video.

Na kama mjomba ana kanda za zamani za filamu alizozitafsiri Lufufu kwa sauti yake kwa Kiswahili, tafadhali mzihamishie kwenye kompyuta mapema. Mkanda wa VHS hushika ukungu, na sauti ile haitarekodiwa tena: Lufufu alishafariki.