Hekima ya Misri na Neno la Mungu

Mvua inyeshayo Goma hushuka katika Ziwa Kivu, hutoka kwa mto Ruzizi kwenda Tanganyika, na mwisho huingia mto Kongo. Lakini mvua inyeshayo ng'ambo ya milima ya moto, upande wa Rutshuru, hushika njia nyingine: hufika Ziwa Edward, hufuata mto Semliki mpaka Ziwa Albert, kisha hushuka na mto Nili mpaka Misri. Kwa hiyo nchi ya Farao si ngeni kabisa kwa watu wa Kivu.

Wako watu wasemao: «Dini ya Wayahudi na ya Wakristu ni dini ya Misri tu, iliyoibwa kwa Waafrika.» Mkatekumeni asikiaye hayo karibu na ubatizo wake huingiwa na mashaka. Asinyamazishwe, apewe jibu la kweli.

Jibu hilo huanza kwa kukubali. Biblia haifichi kwamba Ibrahimu alishuka Misri wakati wa njaa, na kwamba Musa alifundishwa elimu yote ya Wamisri (Matendo 7,22). Hata jina la Musa, wataalamu wengi huliona ni la Kimisri, lenye maana ya mwana au aliyezaliwa, ingawa kitabu cha Kutoka (2,10) hulieleza kwa Kiebrania.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika Methali. Mwaka 1923 yalichapishwa mafundisho ya Mmisri aitwaye Amenemope, yaliyoandikwa juu ya karatasi ya mafunjo iliyohifadhiwa London. Mwaka 1924 mtaalamu Mjerumani, Adolf Erman, alionyesha jinsi yanavyofanana na Methali, sura ya 22 na ya 23. Pande zote mbili mtu hukatazwa kumnyang'anya maskini, na kusogeza alama ya mpaka wa shamba, dhambi ambayo mkulima wa Masisi hana haja ya kuelezwa. Pande zote mbili huonywa kwamba mali huota mabawa: kwa Mmisri huruka kama bata bukini, kwa Mwebrania kama tai. Wengi wa wataalamu hukubali kwamba Mwebrania alijifunza kwa Mmisri. Kuna aibu gani? Lakini Mmisri alisema msogeza mipaka atanaswa na nguvu za Mwezi, mmoja wa miungu yake. Mwebrania alisema Mungu mwenyewe atawatetea yatima.

Vivyo hivyo Zaburi ya 104. Katika karne ya 14 kabla ya Kristu, Farao Akhenaten aliamuru jua liabudiwe peke yake. Utenzi wa kulisifu ulichorwa katika kaburi huko Amarna: usiku simba hutoka, asubuhi watu huenda kazini, merikebu hupita, samaki hurukaruka. Hayo yote yamo pia katika Zaburi. Utenzi ulipitia wapi hata kumfikia Mwisraeli, wataalamu hawapatani. Ila katika Zaburi jua haliabudiwi tena. Ni kiumbe, nalo hujua saa yake ya kutua.

Habari ya Horusi ni nyingine kabisa. Watu husema kwamba Yezu ni Horusi aliyebadilishwa jina, azaliwe na bikira na kufufuka. Masimulizi ya Misri yenyewe hayasemi hivyo. Isis alikuwa mke wa Osiris, na alichukua mimba ya Horusi kwa mumewe huyo aliyekwisha kufa. Naye Osiris hakurudi kuishi kati ya watu, bali alikuwa mfalme wa wafu. Yezu alisulibiwa chini ya Ponsyo Pilato, aliyetawala Uyahudi tangu mwaka 26 mpaka 36.

Baadaye Misri iliwapa Wakristu mengi bila kificho. Mtakatifu Antoni, aliyekufa mwaka 356, aliishi jangwani mwake na kuwa baba wa watawa. Na Wakristu wa huko waliichukua alama ya kale ya uzima wakaifanya msalaba.

Wakatekumeni wasome Zaburi 104 kwa sauti, kisha waulizane: jua humtii nani? Halafu wasome Methali 23,10-11: shamba la yatima likimegwa kijijini, nani husimama upande wake?