SOMO LA USEREMALA: Skrubu Gani kwa Kazi Gani?



Leo tunaongea juu ya kitu kidogo kinachoweza kubomoa kazi kubwa: skrubu.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Kikundi chetu hapa Kitale kilipata oda ya meza za chekechea upande wa Bungoma. Mbao zilikuwa nzuri, gundi pia. Lakini tulinunua skrubu nyeusi za kufungia jipsamu, kwa sababu bei ilikuwa rahisi. Muhula haujaisha, meza zikaanza kucheza. Skrubu nyingine zilikatika, nyingine zilipasua mbao. Tulirudi kuzitengeneza bila malipo, na faida yote ikaishia kwa nauli.

Meza hizo tuliziunga kwa matundu ya mshazari. Hilo ni tundu linalotobolewa kwa kulala upande wa ndani wa ubao, ili skrubu ipite na kuingia ubao wa pili. Kwa nje huoni kitu. Mafundi wa zamani walilichimba kwa patasi na keekee. Siku hizi kuna kifaa cha kuongoza keekee, kwa pembe ya digrii 15 hivi.

Kabla ya kununua, angalieni mambo manne:

1. UREFU. Pimeni mbao baada ya kupiga randa. Ubao wa inchi 1 ukipigwa randa hubaki kama robo tatu ya inchi. Huo unataka skrubu ya inchi 1 na robo. Ubao wa nusu inchi, skrubu ya inchi 1. Ubao wa inchi 1 na nusu, skrubu ya inchi 2 na nusu. Ikizidi, ncha itatokeza na kuumiza mtoto. Ikipungua, haishiki.

2. MENO. Mbao laini kama saiprasi zinataka meno makubwa yaliyoachana. Mbao ngumu kama mvule au mkaratusi mkavu zinataka meno madogo yaliyokaribiana. Kwa mbao ngumu toboeni kwanza njia nyembamba, halafu pakeni skrubu sabuni kavu au mshumaa.

3. KICHWA. Chagueni kichwa kilicho bapa upande wa chini, kinachokaa vizuri juu ya mbao. Kile kilichochongoka kama faneli hufanya kazi ya kabari: kinapasua. Hizo nyeusi zina kichwa cha namna hiyo, tena chuma chake hukatika badala ya kupinda.

4. MAHALI. Kwa kazi ya ndani, skrubu iliyopakwa zinki inatosha. Kwa benchi la kunyeshewa, tafuteni isiyoshika kutu.

Lakini mtu asidanganyike: skrubu nzuri haiponyi mbao mbichi. Mbao hunywea ikikauka, na kiungo kinalegea. Zipangeni chini ya paa, na vijiti katikati ili hewa ipite, mpaka zikauke. Na mkifunga uso wa meza, tundu la skrubu liwe refu kidogo kufuata upana wa meza. Mbao huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Mkiibana kabisa, itapasuka.

JARIBIO. Msinunue pakiti nzima kwanza. Nunueni skrubu mbili, muunge vipande vilivyobaki vya mbao ile ile, kisha mvivute kwa nguvu. Mbao ikipasuka, toboeni njia kwanza. Skrubu ikizunguka bila kushika, tafuteni yenye meno makubwa zaidi. Ikikatika, iacheni hiyo dukani.

MASWALI YA KIKUNDI
- Nani kati yetu hupima mbao kabla ya kwenda dukani?
- Kazi ikirudishwa, nani analipa: fundi au kikundi?
- Tukiweka bei, tunahesabu skrubu, au tunazisahau?

Yule aliyejenga juu ya mwamba alikubali kwanza taabu ya kuchimba. Nasi tukubali taabu ya kupima. Mtoto atakayekaa kwenye hiyo meza hajui skrubu ni nini, anatuamini tu.