Jinsi Wanafunzi Wanavyofundishwa Kufuma Mazulia ya Wanavajo

Katika magharibi ya Marekani, mahali zinapokutana Arizona, New Mexico na Utah, wanakaa watu wa taifa la Navajo, ambao kwa lugha yao hujiita Diné. Nchi yao ni kavu, na mali yao tangu zamani ni kondoo. Mazulia yao ya sufu yana sifa kubwa. Lakini wasomaji wetu watapenda zaidi kujua jinsi kazi yenyewe inavyofanywa na kufundishwa.

Wazee wao husimulia ya kuwa aliyewafundisha kufuma ni Mwanamke Buibui, na kwamba mumewe ndiye aliyewaonyesha namna ya kuunda kitanda cha mfumi. Zamani mtoto alijifunza kwa kukaa kando ya mama yake au bibi yake, akitazama. Siku hizi wako wengi ambao hawakupata bahati hiyo, nao hujifunza darasani, kama katika Diné College, chuo ambacho taifa hilo lilikianzisha mwaka 1968.

Mgeni hudhani ya kuwa somo la kwanza ni michoro. Sivyo. Somo la kwanza ni mtande, yaani nyuzi za kusimama. Mwanafunzi huchukua uzi mmoja mrefu usiokatwa, akauzungusha baina ya miti miwili kwa kuupishanisha, mfano wa tarakimu 8. Kila mzunguko lazima ukazwe sawasawa na mwenziwe. Palipolegea hapaonekani siku ile. Bali kazi ikifika nusu zulia hupinda, na dawa yake ni kufumua. Tena, kwa kuwa uzi haukatwi, urefu wa zulia umekwisha amuliwa siku hiyo hiyo.

Kisha mtande husimamishwa katika kitanda cha mfumi, na mfumaji hukaa mbele yake. Hupitisha mshindio kwa vidole, rangi moja hata mpaka wake, kisha nyingine, akaushindilia kwa chanuo la mti hata mtande usionekane kabisa. Kwa desturi michoro haiandikwi kwenye karatasi, imo kichwani. Kosa la wanafunzi wengi ni kuvuta mshindio mno, zulia likapata kiuno kama kibuyu. Dawa yake ni kuulaza uzi kwa upinde kidogo kabla ya kuushindilia.

Sufu nayo ni somo. Kondoo wa Churro, ambao asili yao ni wale walioletwa na Wahispania, wana sufu ndefu yenye mafuta machache, isiyohitaji maji mengi ya kuoshea. Jambo kubwa katika nchi ile. Katika miaka ya 1930 serikali ya Marekani iliamuru mifugo ya Wanavajo ipunguzwe, kwa sababu ardhi ilikuwa ikimomonyoka. Kondoo wengi mno waliuawa, wengine mbele ya macho ya wenyewe, na uchungu wake haukusahauliwa. Mbegu ya Churro ilikaribia kwisha. Mwaka 1977 mtaalamu wa mifugo, Lyle McNeal, alianza kazi ya kuwakusanya waliosalia na kuwazalisha, hata wakarudishwa kwa wafugaji. Ndiyo sababu mwanafunzi wa leo aweza kusokota sufu ya namna ile waliyosokota bibi zake.

Wafumaji wengine huacha uzi mwembamba unaotoka katikati mpaka ukingoni, ili fikira zao zisifungiwe ndani ya zulia. Wengine hawafanyi hivyo, ingawa wachuuzi hupenda kuisimulia habari hiyo kana kwamba ni sheria.

Sehemu iliyo ngumu kuliko zote ni ya mwisho. Nafasi juu ya kazi huzidi kuwa ndogo. Vijiti vya kutenganishia mtande hutolewa, vikatiwa vyembamba zaidi, na hatimaye hapapiti kitu ila sindano. Upana wa kidole kimoja hapo huweza kumchosha mwanafunzi kuliko shibiri nzima ya mwanzo. Uzi wa mwisho ukiisha kuingia, zulia hufunguliwa kutoka kitandani likiwa na pindo nne kamili, bila ncha ya mtande iliyokatwa.