Lenzi ya Bei Ghali: Ununue, Ukodi au Ubaki na Uliyo Nayo?

Harusi za Desemba zikikaribia, wapiga picha wengi huanza kuidharau lenzi ya zumu waliyo nayo. Ile ya 70-200mm f/2.8 inang'aa pale dukani, na bei yake inaweza kumeza malipo ya kazi kadhaa. Kwamba ni nzuri hatubishani. Ila je, itakuletea pesa ambayo lenzi yako ya sasa inashindwa kukuletea?

Kwanza ujue unalipia nini. Wengi hudhani lenzi ghali huvuta mbali zaidi. Wapi! Ile ya kawaida ya 70-300mm inafika mbali kuliko 70-200mm. Unacholipia hasa ni mwanga. Ukivuta hadi mwisho, lenzi ya kawaida huweza kufungua tundu lake hadi f/5.6 tu, ilhali ile ghali inabaki f/2.8 kuanzia 70 hadi 200. Huo ni mwanga mara 4. Kanisani, mahali lenzi yako inakulazimisha kupiga kwa sekunde 1/125, nyingine ingekupa 1/500 bila kupandisha ISO. Kwa bibi harusi anayeingia akicheza, hiyo ndiyo tofauti kati ya picha ya albamu na picha ya kufuta. Na usidanganywe na ile swichi ya kuzuia mtikisiko: inatuliza mkono wako wewe, haimtulizi anayecheza.

Sasa geuza kazi. Kama unapiga mechi za raga za shule saa saba mchana, jua la kwetu linatosha, f/5.6 itakupa 1/1000 bila shida. Kama ni ndege wa Ziwa Naivasha, 200mm ni fupi, utakuwa umelipa zaidi ili ndege aonekane mdogo zaidi. Tena kuna uzito. Canon EF 70-200mm f/2.8L IS III ina karibu kilo moja na nusu, wakati EF 70-300mm IS II ina gramu 710. Ukiibeba tangu asubuhi hadi keki ikatwe, bega litakuambia.

Jinsi ya kupiga hesabu

Rudi kwenye picha za miezi 6 iliyopita, hasa zile ambazo hukumpa mteja. Ziliharibika kwa nini? Kama ni mtu kusogea gizani au chembechembe za ISO ya juu, hapo lenzi ina kesi. Kama ulisimama pabaya au mjomba alipita mbele yako na simu, hakuna lenzi itakayokuokoa.

Kisha pakua taarifa ya miamala yako ya miezi hiyo hiyo na uweke alama kwenye kila malipo ya kazi ya ndani au ya usiku. (Ndiyo maana huwa tunasisitiza pesa za kazi ziingie laini tofauti na ile ya kununulia unga. Zikichanganyika, zoezi hili litakuchosha kabla hujafika Machi.) Hesabu ni kazi ngapi, si pesa ngapi.

Tuseme lenzi iliyotumika inauzwa KSh 110,000, na kuikodi ni KSh 2,500 kwa siku. Hii ni mifano tu, weka bei ulizopewa wewe. Utaikodi mara 44 kabla ya kufikisha bei ya kununua. Mwenye kazi 4 za ndani kwa mwezi anafika huko kwa miezi 11, basi anunue. Mwenye kazi moja kwa mwezi atangoja zaidi ya miaka 3 na nusu. Huyo akodi, na gharama ya kukodi aiweke kwenye bei anayompa mteja kabla ya kuchukua arbuni.

Ukiamua kununua, weka akiba kidogo kila kazi inapolipwa, siku ile ile. Mkopo wa simu wa siku 30 haufai hapa, nasi tunasema hivyo tukiwa kwenye biashara hii. Lenzi hujilipa kwa miezi mingi, na deni linakudai mwezi ujao, hata kama Januari haina harusi.

Kabla ya kutuma pesa

Muuzaji wa mtandaoni akitaka "pesa kidogo ya kushikilia" kabla hujaiona lenzi, achana naye. Kutaneni mahali penye watu, uifunge kwenye kamera yako mwenyewe, upige picha kadhaa ikiwa kwenye f/2.8, kwa 70 na kwa 200. Mulika ndani kwa tochi ya simu. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na hasa lenzi iliyokaa Pwani kwenye unyevu ichunguzwe vizuri.

Ukiridhika, tuma. Soma jina linalojitokeza kabla muamala haujakamilika. Likiwa si la mtu aliye mbele yako, uliza kwanza. Na usitegemee kurudishiwa pesa baadaye: huduma hiyo ni ya pesa iliyotumwa kwa nambari isiyo sahihi, wala si ya lenzi uliyogundua kuvu ukiwa umeshafika nyumbani.