Boxer ya zamani: Uitengeneze, au uchukue mpya kwa mkopo?

Piki imefikisha miaka sita. Asubuhi inataka kiki nne ndipo iwake, na ikiwaka inatoa moshi hadi abiria anafunika pua. Fundi anasema injini inataka kufunguliwa. Wakati huohuo, pale stejini wenzako wawili wamekuja na mpya, kiti bado kina nailoni, na ukiwauliza wanakwambia, "Ni mia nne na hamsini tu kwa siku, bro."

Hilo neno "tu" ndilo tunataka kuliangalia leo. Kwa mwendeshaji wa Kasikeu, anayeshuka Sultan Hamud na kupanda tena kuelekea milima ya Kilungu kila siku, huu ni uamuzi wa pesa nyingi kuliko uamuzi mwingine wowote atakaofanya mwaka huu. Ukikosea, hupotezi piki peke yake. Unapoteza pia malipo yote uliyokuwa umeshatoa, na karo ya Januari inakukuta ukitembea kwa miguu.

Sio boda peke yake wanaoumiza kichwa na jambo hili. Hata wenye pikipiki kubwa za safari ndefu, zile za injini nne-silinda, huko Ulaya na Marekani hubishana mwaka baada ya mwaka: niongezee hii ya zamani breki nzuri, springi mpya na taa kali, au ninunue ya kisasa? Swali ni lile lile. Kuna vitu piki ya zamani inaweza kuongezewa, na kuna vitu haiwezi kupewa kamwe. Anza hapo kabla ya kufika kwenye pesa.

Nini kinatengenezeka?

Piki nyingi za stejini zetu, iwe Bajaj Boxer au TVS HLX, ni za silinda moja, zinapozwa na hewa, na zinatumia kabureta. Zilianza kujaa nchini baada ya serikali kuondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008. Uzuri wake ni kwamba karibu kila kitu ndani yake kinabadilishwa kwa spea za duka la kawaida. Pistoni, ringi, vali, klachi, cheni na sproketi, breki shuu, springi za nyuma, waya za taa. Injini iliyochoka sio injini iliyokufa.

Soma moshi kwanza. Moshi wa buluu unamaanisha oili inaungua pamoja na petroli. Mara nyingi ni ringi zimelika au sili za vali zimekwisha. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, na hapo huenda shida ni kabureta au chujio la hewa lililoziba vumbi. Usikubali injini ifunguliwe kwa sababu ya moshi mweusi kabla hujasafisha chujio! Vumbi la barabara zetu wakati wa kiangazi ndilo adui mkubwa wa ringi, na chujio ni kitu unachoweza kukikagua mwenyewe kila wiki bila kulipa mtu.

Kisha pima mbano. Zima switchi, ubonyeze kiki polepole kwa mkono. Ikishuka laini kama haigusi kitu, silinda imelegea. Ikikupinga, bado ina nguvu.

Jaribio la tatu ni la mafuta, na hili wengi hawalifanyi. Jaza tangi hadi juu, andika kilomita, fanya kazi siku mbili, jaza tena. Gawanya kilomita kwa lita. Kama waya wa mita ulishakatika (na kwa nyingi umekatika), tumia umbali unaoujua, ukihesabu safari ngapi umeenda Sultan Hamud na kurudi. EPRA hutangaza bei mpya ya petroli katikati ya kila mwezi, kwa hivyo rudia hesabu bei ikibadilika. Injini inayokunywa Ksh 60 zaidi kwa siku inakula zaidi ya Ksh 1,500 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Hiyo ni pesa ya ringi na pistoni ambayo tayari unailipa, ila unailipa petrol station.

Nini hakitengenezeki?

Fremu iliyopasuka na kuchomelewa mara mbili. Bloku ya chini ya injini iliyopasuka. Giaboksi inayoruka gia hata baada ya kufunguliwa. Hapo usitupe pesa.

Pia kuna teknolojia ambayo fundi hawezi kukuwekea pale jikoni kwake. Nchini India, zinakotoka nyingi ya piki hizi, sheria ya Aprili 2019 ilitaka pikipiki mpya za zaidi ya cc 125 ziwe na ABS, yaani breki zisizofunga gurudumu likateleza, na zile za hadi cc 125 ziwe angalau na mfumo unaoshika gurudumu la mbele na la nyuma kwa pamoja. Sheria hiyo ni ya soko lao la ndani. Usidhani kila piki mpya unayoiona showroom hapa ina vitu hivyo. Uliza, tena uonyeshwe. Kama unayouziwa ina breki za ngoma na kabureta kama ile uliyonayo, basi unachonunua ni upya, sio usasa. Upya una thamani yake, lakini tusiuite jina lingine.

Na ukitengeneza ya zamani, anza na breki na tairi, sio redio na taa za rangi. Mteremko wa kutoka Kilungu ukiwa na watu wawili na gunia la ndengu hausamehi breki shuu iliyokwisha, na kule chini Mombasa Road malori hayasubiri mtu.

Hesabu yenyewe

Nambari tunazotumia hapa ni za mfano. Weka zako.

Tuseme ukarabati kamili, pamoja na tairi mbili, cheni na mkono wa fundi, ni Ksh 24,000, na utakupa mwaka mmoja. Hiyo ni Ksh 2,000 kwa mwezi. Ongeza Ksh 2,000 za matengenezo madogo madogo, kwa sababu ya zamani ni ya zamani. Ongeza siku mbili kwa mwezi piki ikiwa kwa fundi. Kama faida yako ya siku baada ya mafuta ni Ksh 700, umepoteza Ksh 1,400. Piki nayo inashuka bei, weka Ksh 600. Jumla ni Ksh 6,000 kwa mwezi.

Sasa mpya. Bei taslimu Ksh 185,000. Kwa mkopo unatoa malipo ya kwanza Ksh 30,000, halafu Ksh 450 kila siku kwa siku 540, ambazo ni mwaka mmoja na nusu. Zidisha: Ksh 243,000. Ukijumlisha malipo ya kwanza unapata Ksh 273,000. Umelipa Ksh 88,000 juu ya bei ya taslimu, karibu nusu ya piki nyingine. Mwisho wa mkopo unabaki na piki ya, tuseme, Ksh 90,000. Kwa hivyo gharama halisi ni Ksh 183,000 kwa miezi 18, kama Ksh 10,200 kwa mwezi. Weka sevisi ya Ksh 800 na unafika Ksh 11,000.

Tofauti ni Ksh 5,000 kwa mwezi. Kwa faida ya Ksh 700, hizo ni siku saba za kazi. Yaani piki ya zamani ingebidi ilale kwa fundi siku saba zaidi kila mwezi, juu ya zile mbili, ndipo mpya ianze kukulipa kuliko ya zamani. Ikiwa yako inalala siku kumi kwa mwezi hata baada ya kutengenezwa vizuri, chukua mpya na usiangalie nyuma. Ikiwa ni siku mbili au tatu, kinachokusumbua huenda ni nailoni ya kiti cha jirani.

Lakini hesabu ya mwezi inaficha kitu. Malipo ya kila siku hayajui mvua. Novemba barabara za ndani zikiwa tope, abiria wachache, ile Ksh 450 bado inadaiwa. Ukiugua, inadaiwa. Jumapili ukienda kanisani, inadaiwa. Kati ya faida ya Ksh 700, nyumbani zinafika Ksh 250. Mwendeshaji mwingi hakushindwa na mkopo kwa sababu hana bidii. Alishindwa kwa sababu alisaini msimu wa maembe, Desemba kazi ikiwa imejaa, akadhani mwaka mzima ni Desemba.

Kwa hivyo kabla ya kusaini, chukua taarifa ya akaunti yako ya simu ya miezi sita au zaidi. Kwa M-Pesa unaweza kuiomba kupitia *334#. Tafuta mwezi mbaya kuliko yote, sio wastani. Kama ule mwezi mbaya ungeweza kubeba malipo na bado watoto wakala, mkopo unakufaa. Shida ni kwamba wengi wetu tunapokea nauli, mchango wa harambee na pesa ya shangazi kwa laini moja, na taarifa inakuwa ugali na mchanga. Tenga laini au akaunti ya biashara, kama Pochi la Biashara au Till, nauli iingie huko peke yake. Baada ya miezi mitatu utaijua kazi yako vizuri kuliko ofisa wa mkopo.

Njia ya katikati

Kuna njia ambayo haitangazwi sana kwa sababu haina mtu wa kuiuza. Tengeneza ya zamani, kisha jifanye una mkopo, lakini mdogo. Funga Ksh 250 kila siku ya kazi kwenye akiba ambayo huwezi kuitoa kirahisi. Siku 26 ni Ksh 6,500. Mwaka mmoja ni Ksh 78,000. Uza ya zamani kwa Ksh 30,000 na una Ksh 108,000 mkononi. Zinabaki Ksh 77,000 tu za kukopa, na mkopo mfupi una riba ndogo. Siku ya mvua ukikosa kuweka, hakuna anayekuja kuchukua piki. Ila usilipie akiba kwa Fuliza. Kukopa ili uweke akiba ni kuchota maji kwa kikapu.

Na zile za umeme? Nairobi zinaongezeka, na kwa gharama ya siku zinavutia. Swali la Kasikeu ni moja: kituo cha kubadilisha betri kiko kilomita ngapi kutoka stejini kwako? Pima kwa safari zako mwenyewe, kwenda na kurudi, na mlima ukiwemo. Muuzaji asikupimie.

Ukishaamua kulipa

Malipo ya kwanza yaende kwa Paybill au Till yenye jina la kampuni, kamwe sio kwa namba ya "agenti" hata kama anajulikana sokoni. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha. Namba ya akaunti ya mkopo iandike mahali. Tarakimu moja ikikosewa, malipo ya leo yanaingia kwa mkopo wa mtu mwingine na wewe unahesabiwa umechelewa. Ikitokea, piga simu siku hiyohiyo ukiwa na ile meseji.

Mkataba uusome hadi ukurasa wa mwisho, na kama Kiingereza chake ni kizito, nenda na mtu. Uliza mambo matatu: jumla yote nitakayolipa ni ngapi, nikikosa siku ngapi piki inachukuliwa, na nikilipa mapema riba inapungua? Akikujibu kwa "usijali", jali.

Ukinunua ya mtumba, usitoe hata shilingi kabla ya kutafuta rekodi ya piki kwenye mfumo wa NTSA. Logibuku ionyeshe jina la anayekuuzia, na kama ina jina la mkopeshaji pia, deni bado lipo. Uhamisho ufanywe kwenye mfumo, sio kwa karatasi iliyoandikwa hotelini.

Siku ya malipo ya mwisho usiishie kusherehekea. Omba barua ya kumaliza deni, na mkopeshaji aondoe jina lake kwenye logibuku. Meseji za malipo usizifute hadi logibuku iwe na jina lako pekee. Omba taarifa ya kipindi chote cha mkopo, ihifadhi kwa barua pepe, na nakala moja umwachie mtu wa nyumbani.