Kuchagua Zana ya Mafunzo Mubashara kwa Wafanyakazi Walio Katika Saa Tofauti

Mafunzo mubashara ya mtandaoni si anasa ya makampuni makubwa tena. Duka lenye tawi ng'ambo, wakala wa watalii, kampuni ya kutoa mizigo bandarini, hata asasi ndogo ya hiari, zote hufika siku zikahitaji kuwakusanya watu walio mbalimbali na kuwafundisha jambo jipya kwa wakati mmoja. Wauzaji wa huduma hizi ni wengi, na matangazo yao yanafanana. Katika somo hili tunakusudia kumwonyesha mtumiaji namna ya kuchagua bila kupoteza fedha zake wala kumwacha nyuma mfanyakazi aliye mbali.

Kanuni yetu ni moja. Usianze na orodha ya mambo ambayo programu inaweza kufanya. Anza na mshiriki mwenye hali ngumu kuliko wote: yule ambaye saa yake ni mbaya, intaneti yake ni dhaifu, na chombo chake ni simu ya mkononi. Zana inayomfaa huyo, aghalabu itawafaa na wengine.

Mfano wa kutuongoza

Tuchukue kampuni ya kusafirisha mizigo yenye ofisi Dar es Salaam, Lubumbashi, Muscat na London. Utaratibu mpya wa kujaza nyaraka za forodha umetolewa, na wafanyakazi 20 wanapaswa kuufahamu kabla ya juma kwisha. Asiyeuelewa atajaza nyaraka kwa utaratibu wa zamani, na lori litakwama Tunduma huku gharama zikiongezeka kila siku. Kukosa mafunzo haya, basi, ni hasara inayohesabika.

Hatua ya kwanza: Andika saa za kila mahali

Dar es Salaam haibadilishi saa zake mwaka mzima. Lubumbashi iko nyuma yake kwa saa 1, na Muscat iko mbele kwa saa 1. London iko nyuma kwa saa 3 wakati wa baridi. Lakini kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Waingereza husogeza saa zao mbele, na tofauti hubaki saa 2.

Kikao cha saa 3 asubuhi Dar es Salaam kitamkuta mtu wa London saa 12 alfajiri wakati wa baridi. Kikao cha saa 8 mchana kitakuwa saa 7 Lubumbashi, saa 9 alasiri Muscat, na London saa 5 asubuhi wakati wa baridi au saa 6 mchana wakati wa joto. Hiki ndicho kinachofaa, ingawa wenzetu wa Lubumbashi watalazimika kula mapema. Tukumbuke pia kwamba nchini Oman mapumziko ya juma ni Ijumaa na Jumamosi. Siku zinazowafaa wote ni Jumatatu hadi Alhamisi.

Kama kuna ofisi ya tano New York, hesabu inabadilika. Saa 8 mchana ya Dar es Salaam ni saa 12 asubuhi huko wakati wa baridi. Aidha, Wamarekani husogeza saa zao Jumapili ya pili ya Machi, wiki mbili au tatu kabla ya Waingereza. Pale ambapo hakuna saa ya haki kwa wote, haki ni kufundisha mara mbili, au kupokezana usumbufu ili asiamke alfajiri mtu yule yule kila mara.

Tahadhari ya saa za Kiswahili

Anayeandika kwenye mwaliko "saa 8" bila maelezo huweza kusababisha kosa kubwa. Mwenzake wa London ataisoma kama saa 8 ya Kiingereza, ambayo kwetu ni saa 2. Kwa hiyo mwaliko uandikwe kwa mfumo wa saa 24, pamoja na jina la mji: 14:00, saa za Dar es Salaam. Zana nzuri itaigeuza saa hiyo yenyewe kwenye kalenda ya kila mshiriki. Usiliamini tangazo, mtumie mwaliko mfanyakazi mmoja wa kila ofisi, kisha umwombe akusomee saa anayoiona kwenye simu yake.

Hatua ya pili: Pima intaneti ya aliye dhaifu

Hesabu ya bando si ngumu. Mawasiliano ya megabiti 1 kwa sekunde hutumia megabaiti 450 kwa saa. Mshiriki anayepokea picha kwa kasi hiyo na kutuma yake kwa kasi hiyo hiyo atamaliza megabaiti 900 kwa saa moja. Anayesikiliza sauti pekee kwa kilobiti 80 kwa sekunde atatumia megabaiti 36 tu. Kwa hiyo chagua zana inayomruhusu mshiriki kuzima picha zinazoingia, si yake peke yake. Na ikiwa mfanyakazi anatumia bando lake mwenyewe, mwajiri hana budi kuamua mapema nani atalilipia.

Hatua ya tatu: Soma bei hadi mwisho

Huduma za bure zina mipaka. Wakati tunaandaa kijitabu hiki, Zoom ya bure hukatiza kikao baada ya dakika 40, na Google Meet ya bure hukatiza kikao cha watu 3 au zaidi baada ya dakika 60. Somo la saa moja na nusu litakatika katikati, na baadhi ya washiriki hawatarudi.

Kabla ya kulipa, zingatia mambo matatu. Kwanza, katika huduma nyingi za mikutano anayehitaji leseni ya kulipia ni mwenyeji wa kikao, si kila msikilizaji. Kampuni yetu yenye wakufunzi 2 haina sababu ya kununua leseni 20. Pili, malipo ya mwaka huonekana nafuu, ila mwenye mafunzo mawili kwa mwaka huenda akapata nafuu zaidi kwa kulipia miezi miwili tu. Tatu, huduma nyingi hujirejesha zenyewe na kukata fedha kwenye kadi, mara nyingi kwa dola. Andika tarehe ya kusitisha siku ile ile unayojiunga.

Hatua ya nne: Linda taarifa za wafanyakazi

Rekodi ya kikao humsaidia aliyekatikiwa na umeme, lakini haichukui nafasi ya kuuliza swali na kujibiwa papo hapo. Tena rekodi hubeba sura, sauti na majina ya watu. Nchini Tanzania mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wajulishe washiriki kabla ya kurekodi, waeleze sababu, na uamue rekodi itahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na nani ataifungua.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

1. Je, mshiriki anaweza kujiunga kwa simu ya kawaida ya mkononi, bila kupakua programu?
2. Kikao kinaweza kudumu muda gani, na kwa watu wangapi?
3. Je, anayejiunga kwa simu anaweza kuinua mkono, kuandika swali na kuingia katika kikundi kidogo?
4. Maandishi yanayofuata sauti yanapatikana kwa Kiswahili na Kifaransa? Yajaribu, usikie na uone usahihi wake.
5. Bei ni kwa mwenyeji au kwa kila mshiriki? Je, kodi imo?
6. Nikisitisha leo, nitarudishiwa nini, na rekodi zangu zitakwenda wapi?

Majibu yapatikane kwa maandishi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji katika biashara, na mlalamikaji mwenye tangazo, risiti na barua pepe mkononi husikilizwa kwa urahisi zaidi kuliko mwenye maneno matupu.

Jaribu kabla ya kulipa

Fanya kikao cha majaribio cha dakika 15, siku na saa ile ile itakayotumika, ukiwa na mtu mmoja kutoka kila ofisi. Mkufunzi aonyeshe waraka wenye maandishi madogo, kisha amwombe aliye Lubumbashi, akiwa kwenye simu yake, ausome kwa sauti. Akiweza kuusoma na kuuliza swali likasikika, zana hiyo inastahili fedha zako. Asipoweza, endelea kutafuta, hata kama walio makao makuu wameridhika nayo.