Kutafuta Hitilafu kwa Utaratibu: Funzo la Kisanduku Kikuukuu cha Mtandao

Walimu wengi wapya, wakabidhiwapo chombo kilichoharibika, hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama hukifungia kabatini mpaka kiandikwe katika orodha ya vyombo chakavu, ama hukifungua na kubadilisha kila kitu kwa mkupuo mpaka kitengemae au kife kabisa. Njia zote mbili hazimfunzi mtu lolote. Katika makala haya tunakusudia kueleza njia ya tatu kwa kutumia kisa kilichotupata chuoni kwetu, hapa nyanda za juu za Kigoma, na kuonyesha jinsi inavyomfaa mwalimu wa shule ya msingi anapokaa kusahihisha madaftari ya hesabu.

Chombo chenyewe ni kile ambacho mafundi hukiita fayawoli: kisanduku kinachokaa kati ya kompyuta za chuo na laini ya intaneti, kikikagua kila kiingiacho na kila kitokacho. Chetu kilinunuliwa kikiwa kimekwisha kutumika, kutoka Dar es Salaam. Msomaji asitishwe na jina. Ndani yake hamna zaidi ya kompyuta ya kawaida isiyo na kioo wala kibodi: mna kichakato, kumbukumbu, kadi ya kuhifadhi programu, pawasaplai, betri ya saa yenye umbo la sarafu, na matundu ya nyaya za mtandao.

Asubuhi moja, baada ya umeme kukatika usiku, kompyuta zote za maabara zilishindwa kufungua ukurasa wowote. Taa za kisanduku ziliwaka kama kawaida. Mwanachuo mmoja alikuwa amezipanga upya nyaya jana yake. Sisi wakufunzi tukahitimisha papo hapo, tena mbele ya darasa, kwamba yeye ndiye aliyekiharibu, tukamwondoa katika zamu ya maabara. Siku ya pili tukaigeukia kampuni ya simu. Hadi hapo hatukuwa tumepima kitu hata kimoja.

Siku ya tatu tulichora njia nzima ubaoni: kompyuta, waya, swichi, kisanduku, modemu, kisha ulimwengu wa nje. Mwenye kutafuta hitilafu katika mnyororo kama huo haanzi mwisho mmoja akapapasa hadi mwisho wa pili, hukata katikati. Tulichomeka kompyuta moja kwenye modemu yenyewe, na kurasa zikafunguka. Jaribio hilo halikuchukua dakika 10, nayo kampuni ya simu ikatoka lawamani. Kisha tukaichomeka kompyuta ile ile kwenye kisanduku bila kupitia swichi. Ikapewa anwani yake ipasavyo, lakini kurasa hazikufunguka. Kwa hiyo swichi, pamoja na nyaya zilizopangwa na yule mwanachuo, hazikuwa chanzo. Kilichobaki ni kisanduku.

Jaribio la tatu ndilo lililotufunza zaidi. Katika intaneti kila mahali pana namba, na pana jina ambalo watu hulikumbuka kwa urahisi. Kisanduku chetu ndicho kilichokuwa mkalimani wa kugeuza majina kuwa namba. Tulipoita mahali pa nje kwa namba, pakajibu. Tulipoita kwa jina, kimya. Njia ilikuwa wazi, ila mkalimani alikuwa amegoma. Tukaunganisha kompyuta kwenye tundu la pekee ambalo fundi hulitumia kuzungumza na kisanduku, tukasoma kumbukumbu zake za matukio. Kila mstari ulibeba tarehe ya miaka mingi iliyopita.

Betri ya saa, aina ya CR2032, hutakiwa kuwa na volti 3. Multimita ilionyesha chini ya 2. Betri ikiisha, saa hurudi nyuma kila umeme unapokatika. Na mkalimani wetu alikuwa amewekewa sharti la kukagua saini za kidijitali zinazothibitisha kwamba namba aliyopewa si ya uongo. Saini hizo zina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kwa saa iliyorudi nyuma, kila saini ilionekana haijaanza kutumika, naye akazikataa zote. Kisanduku kingeweza kusahihisha saa yake kwa kuuliza katika intaneti, lakini hao wa kuulizwa nao huitwa kwa majina! Tuliisahihisha saa kwa mkono, kurasa zikafunguka. Tukatia betri mpya, tukauzima umeme makusudi na kuuwasha tena ili kuhakikisha. Kisha tukamwomba radhi mwanachuo wetu mbele ya darasa lile lile.

Sasa tuje kwenye daftari la hesabu. Mtoto wa darasa la tatu ameandika 62 − 38 = 36, na 405 − 127 = 322. Mwalimu mwenye papara hutia alama mbili za kukosa kwa kalamu nyekundu, pengine akaongeza neno “mzembe”. Hilo ndilo kosa tulilomfanyia mwanachuo. Tazameni vizuri: katika kila safu mtoto ametoa tarakimu ndogo kutoka katika kubwa, bila kujali ipi iko juu. Hakosei ovyo. Anafuata kanuni kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe ina kasoro. Mwaka 1978 John Seely Brown na Richard Burton, wataalamu wa Marekani, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba makosa mengi ya watoto katika kutoa yana utaratibu wa namna hiyo, nao waliyafananisha na kasoro za programu za kompyuta.

Basi kata njia katikati. Mpe mtoto 68 − 32. Atapata 36, na safari hii ni sahihi. Kwa hiyo safu anazijua, na kutoa kusikohitaji kukopa anakujua. Mpe visoda 12 aondoe 8. Akibakiza 4, basi kutoa kwenyewe si tatizo. Hitilafu imo katika hatua ya kukopa. Kabla hujaanza kumfundisha upya, ihakiki dhana yako: andika kwa siri jibu unalotarajia katika 74 − 59, ukimwacha afuate kanuni yake mbovu. Akiandika 25 kama ulivyotabiri, umeupata ugonjwa. Akiandika jingine, ni wewe uliyekosea, wala si haki kumtibu kwa dawa uliyomwandalia.

Kuhusu ukarabati uliobaki tutasema kwa ufupi. Wiki chache baadaye kisanduku kilianza kujizima na kujiwasha chenyewe. Katika pawasaplai kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa. Fundi redio wa mjini alizibadilisha kwa nyingine za kipimo kile kile. Kazi hiyo wasipewe wanafunzi, kwani kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Majina na maneno ya siri ya wenye chombo wa kwanza yalikuwa bado yamo, jambo la kusikitisha kwa hao waliokiuza, hivyo tuliifuta kadi yote na kuweka OPNsense, programu ya bure iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2015. Wanachuo walipoandika masharti ya ulinzi waliweka “ruhusu vyote” juu ya orodha na makatazo chini yake. Hakuna kilichozuiliwa, maana kisanduku husoma kutoka juu na hukomea kwenye sharti la kwanza linalohusika. Kila badiliko liliandikwa katika daftari lenye safu 4: dalili, dhana, jaribio, matokeo. Badiliko moja, mstari mmoja.

Yule mwanachuo tuliyemlaumu alikwenda mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya upande wa Nduta, wilayani Kibondo, eneo ambalo wengi hulifahamu kwa kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofunguliwa tena mwaka 2015. Kompyuta hazikuwapo. Alitumia tochi za betri, akitia hitilafu moja katika kila tochi: betri iliyokwisha, balbu iliyoungua, au kipande cha karatasi kati ya betri na bati. Sharti lake lilikuwa kwamba kabla ya kugusa chochote, kikundi kiseme kinadhani nini, na kitaona nini iwapo dhana hiyo ni kweli.

Kikundi kimoja kilibadilisha betri na balbu kwa pamoja. Tochi ikawaka, watoto wakashangilia. Mwalimu akawauliza ni kipi kilichokuwa kibovu, wakatazamana. Akawaambia warudishe balbu ya zamani. Tochi ikaendelea kuwaka.